Eastlands: Mitaa ya kina yahe iliyolea elimu, biashara na utamaduni wa Nairobi

MITAA ya Eastlands iko upande wa mashariki wa katikati mwa jiji la Nairobi. Ukitoka Muthurwa na kuifuata Barabara ya Jogoo, au ukikata kupitia Gikomba kuelekea Eastleigh, unaingia katika eneo ambalo kwa takriban karne moja limekuwa makao ya vibarua, mafundi, wachuuzi na makarani wanaoliendesha jiji kuu la Kenya.

Eastlands si jina la eneobunge wala kaunti ndogo. Ni jina la mazoea linalojumuisha Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho, Buruburu, Umoja, Dandora, Kayole na mitaa mingine mingi. Kiutawala, maeneo hayo yamo Kamukunji, Makadara, Mathare, sehemu za Starehe na maeneobunge matano ya Embakasi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 988,808 katika kaunti ndogo ya Embakasi pekee, kati ya wakazi 4,397,073 wa Nairobi nzima. Yaani, zaidi ya mkazi mmoja katika kila watano wa jiji aliishi huko.

CHIMBUKO

Pumwani ni miongoni mwa mitaa mikongwe zaidi. Serikali ya kikoloni iliutenga mapema katika miaka ya 1920 ili Waafrika waliotapakaa katika vijiji vya pembezoni mwa mji wakusanywe mahali pamoja. Waislamu wenye asili mbalimbali walijenga humo, na Kiswahili kikawa lugha ya nyumbani hata kwa watoto ambao babu zao walizungumza lugha tofauti kabisa. Hospitali ya kujifungulia ya Pumwani, ambako maelfu kwa maelfu ya Wakenya walizaliwa, ilianzishwa 1926.

Majina ya mitaa yenyewe ni kumbukumbu. Kariokor ni matamshi ya wenyeji ya jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Mbotela ni jina la Tom Mbotela, kiongozi wa kisiasa aliyeuawa Novemba 1952. Ofafa ni Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa 1953.

Mkoloni alimchukulia Mwafrika mjini kuwa mpita njia: afanye kazi, alale katika chumba kimoja, kisha arudi kwao mashambani kwa mke na watoto. Ni kufikia 1954 ambapo kamati iliyoongozwa na F.W. Carpenter ilipendekeza mshahara na makao yanayoweza kukimu familia. Mwaka huo huo, Aprili 24, wanajeshi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, na maelfu ya wakazi, wengi wao wakiwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakapelekwa vizuizini.

Siasa za ukombozi nazo zilipikwa papa hapa. Aprili 23, 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, mwanaharakati wa wafanyakazi Makhan Singh alidai hadharani uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa hadi 1961.

Baada ya uhuru, miaka ya 1970 ilileta mitaa ya aina nyingine. Buruburu ilijengwa kwa ajili ya tabaka la kati na Umoja ikajengwa kwa ufadhili wa Marekani. Mradi wa Dandora, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 1975, ulinuiwa kutoa viwanja 6,000 vyenye maji na msingi wa nyumba, mwenye kiwanja akamilishe ujenzi kadiri ya uwezo wake.

ELIMU

Katika mpaka wa Pumwani ndipo ilipozaliwa Starehe, shule iliyoanzishwa 1959 na Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kama makao ya watoto waliorandaranda mitaani wakati wa hali ya hatari. Ilianza kwa vibanda viwili vya mabati, na baadaye ikawa miongoni mwa shule zinazotajika kwa matokeo bora nchini.

Si shule zote za eneo hili zilizobahatika hivyo. Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi Januari 2003, wanafunzi walifurika kupita uwezo wa madarasa na walimu. Katika mitaa ya mabanda, ambako shule za umma ni chache, wazazi wengi wamelazimika kuwapeleka watoto katika shule za kibinafsi za mabati, ambako hulipa karo kidogo kidogo kadiri mapato ya siku yanavyoruhusu.

Mtoto anayeishi katika chumba kimoja na watu watano hana pa kusomea usiku. Ndiyo sababu maktaba za Kaloleni na Makadara zina uzito kuliko ukubwa wa majengo yake. Shirika la Book Bunk, lililoanzishwa 2017, limezifanyia ukarabati na kuzirejeshea uhai.

UCHUMI

Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake kuhusu Kenya mnamo 1972, liliwaambia watunga sera kwamba mafundi na wachuuzi wasiosajiliwa si kero bali ni nguzo ya ajira. Kamukunji ni ushahidi. Humo mafundi hufua majiko, sufuria, karai na masanduku ya bati ambayo vizazi vya wanafunzi wa shule za bweni vimeyabeba kote nchini. Rais Daniel arap Moi aliwazuru 1985 na wakajengewa vibanda. Mwaka wa 1992 serikali ikatoa waraka rasmi wa sera kuhusu jua kali.

Jirani yake, Gikomba ni soko linalosambaza mitumba hadi vijijini. Moto umeliteketeza mara nyingi. Ule wa Juni 28, 2018 uliua watu 15. Eastleigh, kwa upande wake, ilibadilika sura miaka ya 1990 wakati wafanyabiashara Wasomali walipogeuza nyumba ya wageni ya Garissa Lodge kuwa maduka, na mtaa mzima ukafuata mkondo huo.

Zipo riziki zenye gharama. Jaa la taka la Dandora huwalisha waokotaji, lakini uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa uliotolewa 2007 uligundua madini ya risasi katika damu ya watoto wanaoishi karibu nalo.

UTAMADUNI

Sheng, msimbo wa vijana uliojengwa juu ya sarufi ya Kiswahili, unaaminika kukulia katika mitaa hii, ambapo watoto wa jamii nyingi walicheza uwanja mmoja. Kundi la Kalamashaka kutoka Dandora liliufanya kuwa lugha ya hip hop miaka ya 1990. Baadaye studio ya Calif, iliyopata jina kutokana na mtaa wa California, ikaeneza mtindo wa genge kupitia wasanii kama Nonini na Jua Cali.

Katika kandanda, chama cha michezo cha vijana cha Mathare, kilichoanzishwa 1987, kiliunganisha soka na usafi wa mitaa. Timu yake, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa ligi kuu 2008.

MUSTAKABALI

Swali kubwa sasa ni ardhi. Nyumba za zamani za baraza la jiji, ambazo wapangaji wengi wamerithishana kutoka kwa wazazi, zimo katika mipango ya kubomolewa ili kupisha majumba ya ghorofa. Pangani ilibomolewa 2020, na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imeongeza kasi ya ujenzi nchini.

Hakuna anayekana kwamba nyumba zaidi zahitajika. Jengo lililoporomoka Huruma Aprili 2016 na kuua watu takriban 50 lilionyesha maafa ya kuachia ujenzi holela. Lakini mpangaji wa Kaloleni au Jericho anauliza maswali mepesi: ataishi wapi ujenzi ukiendelea, atarudi kwa kodi gani, na je, jina lake litakuwa kwenye orodha? Mitaa hii ilijengwa na serikali iliyoamini kwamba mfanyakazi ni mgeni mjini. Jibu la maswali hayo ndilo litakaloonyesha iwapo fikra hiyo imekwisha.