Ndege aliyeshinda uchaguzi wa 1962

Wiki ya kwanza ya Oktoba, makutano ya barabara ya Jinja jijini Kampala hujaa vijana wanaouza bendera. Zipo za kupachika kwenye bodaboda, za kuning'iniza kwenye kioo cha gari na za kuvaa shingoni. Ukinunua haraka bila kukagua, utarudi nyumbani na korongo aliyeupa mlingoti kisogo. Utaratibu unataka ndege huyo autazame mlingoti, lakini wachapaji wa vitambaa mjini wana haraka zao. Polisi wakipita hawasemi kitu, na mnunuzi naye hajui.

Uhuru wa Uganda una zaidi ya miaka 60, na kutojua kwetu hakuishii kwenye uso wa ndege. Wengi tuliokula kiapo shuleni mbele ya bendera hii hatukuambiwa kwamba mwaka ule wa 1962 zilikuwepo bendera mbili, na kwamba moja ilitupwa kwa sababu wenyewe walishindwa uchaguzi.

Kabla ya hapo, Waingereza walikuwa wakipeperusha bendera yao ya bluu yenye nembo ya Himaya ya Uganda. Ndani ya nembo hiyo alisimama korongo mwenye taji, ambaye Waganda humwita ng'aali. Hakuchaguliwa kwa uzuri wake peke yake. Buganda, ufalme mkubwa kuliko zote, ilikuwa na bendera yake, na serikali ya kikoloni haikutaka Bunyoro, Toro, Ankole, Busoga na maeneo mengine yaone kwamba Mengo, makao ya ufalme huo, imepewa nchi nzima. Ndege akafaa: anatua kwenye vinamasi vya kila mtu na hakuwa askari wa mfalme yeyote. Hata hivyo, ndani ya Buganda yenyewe upo ukoo wa Ng'aali, ambao watu wake hawamli ndege huyo. Kwa hiyo hakuwa mgeni kabisa Mengo.

Machi 1962 Uganda ilipata serikali ya ndani, na Benedicto Kiwanuka wa chama cha DP akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Alikuwa ameshinda uchaguzi wa 1961, ambao Mengo iliwataka watu wake waususe. Chini ya serikali yake ikapendekezwa bendera ya taifa: milia mipana iliyosimama wima, kijani, bluu na kijani, ikitenganishwa na milia myembamba ya njano, na katikati kivuli cha korongo wa njano. Ukiitazama leo kwenye picha unaona nchi ilivyo ukiruka kutoka Entebbe: msitu, ziwa, msitu tena. Mimi naiona ilikuwa nzuri, na najua kauli hii itawaudhi baadhi ya wasomaji.

Tarehe 25 Aprili upigaji kura ukarudiwa. Safari hii UPC, chama cha Milton Obote, ilikuwa imeungana na Kabaka Yekka, chama cha Buganda, na DP ikang'oka. Bendera yake ikang'oka nayo. Waziri wa Sheria katika serikali mpya, Grace Ibingira, mwanasheria kijana kutoka Ankole aliyesomea Wales, akapendekeza nyingine: milia sita ya kulala, nyeusi, njano na nyekundu, kisha nyeusi, njano na nyekundu tena. Tafsiri rasmi tunaikariri wote: watu wa Afrika, jua, na undugu wa damu. Ila mtu yeyote aliyewahi kuona bendera ya UPC, yenye nyekundu, nyeusi na bluu, anatambua rangi mbili zilitoka wapi. Katikati, ndani ya duara jeupe, akabaki korongo yuleyule, mguu mmoja juu. Kijani kiliondoka na bluu ikaondoka. Ndege peke yake alivuka kutoka kwa Waingereza hadi DP, na kutoka DP hadi UPC, bila kupoteza hata unyoya.

Wananchi hawakuulizwa. Si lazima waulizwe, lakini wenzetu wengine huuliza. Marekani kuna jimbo la Maine, kwenye pwani ya Atlantiki, ambalo karibu asilimia 90 ya ardhi yake ni msitu. Lilijitenga na Massachusetts mwaka 1820, na bendera yake ya 1901 ilikuwa na mti wa msonobari na nyota ya bluu. Mwaka 1909 wabunge wakaiondoa na kuweka nembo ya jimbo kwenye kitambaa cha bluu. Watu wakazozana miaka nenda rudi, hadi Novemba 2024 swali likapelekwa kwenye kura: turudishe msonobari? Wengi wakakataa. Angalau mti wao umepata siku yake mbele ya wapiga kura. Bendera yetu ya kijani haikupata.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Oktoba, pale uwanja wa Kololo, Union Jack ikashuka na Meja Kanuti Akorimo akapandisha milia sita. Duke wa Kent alikuwepo kumwakilisha Malkia. Wimbo ulioimbwa ulikuwa wa George Kakoma, mwalimu wa muziki, na ni kati ya nyimbo fupi kabisa za mataifa. Kwa kazi hiyo alipewa shilingi 2,000. Miongo kadhaa baadaye mzee wetu alikwenda mahakamani kuidai serikali mrabaha wake, na alifariki mwaka 2012 akiwa bado analidai taifa linaloamka kila asubuhi na wimbo wake.

Lakini kisa kizito zaidi ni cha Ibingira mwenyewe.

Alikuwa anapanda haraka. Mwaka 1964, katika mkutano wa UPC huko Gulu, alimng'oa John Kakonge kwenye ukatibu mkuu wa chama. Watu wakaanza kusema kwamba Waziri Mkuu Obote ana mrithi, na wengine wakasema ana mpinzani. Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng wa Kabaka Yekka aliwasilisha bungeni hoja kuhusu tuhuma za kujinufaisha kwa dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo. Aliyetajwa zaidi alikuwa ofisa wa jeshi, Idi Amin, lakini kidole kilimgusa pia Obote na mawaziri wawili. Obote alikuwa safarini kaskazini. Bunge likaipitisha hoja hiyo karibu kwa kauli moja. Aliyepinga alikuwa Kakonge peke yake, yule aliyeangushwa Gulu. Siasa zetu zina vituko vyake.

Obote akarudi. Tarehe 22 Februari akaitisha kikao cha baraza la mawaziri Entebbe. Mawaziri wakiwa wameketi, polisi wenye silaha wakaingia na kuwachukua watano: Ibingira, Balaki Kirya, George Magezi, Mathias Ngobi na Dk. Emmanuel Lumu. Siku mbili baadaye Obote akaisimamisha katiba. Mei mwaka huohuo jeshi likaivamia Lubiri, kasri la mfalme wa Buganda, na mfalme mwenyewe, Kabaka Mutesa, akakimbilia Uingereza, ambako alifia mwaka 1969.

Wafungwa wale watano hawakunyamaza. Walikwenda Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki, nayo ikasema sheria ya uhamisho wa lazima iliyotumika dhidi yao, sheria ya enzi za ukoloni, inapingana na katiba. Wakashinda. Serikali ikawapeleka Buganda, ambako hali ya hatari ilikuwa imetangazwa, ikawaachia kama mahakama ilivyoamuru, kisha ikawakamata tena papo hapo kwa sheria za hali ya hatari. Wanafunzi wa sheria wa Makerere husoma kesi hiyo hadi leo, Ibingira dhidi ya Uganda. Mtu aliyeipa nchi bendera alikaa kizuizini chini ya bendera hiyo hadi mwaka 1971, Amin alipompindua Obote na kufungua milango. Baadaye akapelekwa New York kuwa balozi katika Umoja wa Mataifa, akiwa na milia yake sita mbele ya dunia nzima.

Mwaka 1973 kilichapishwa kitabu chake kuhusu safari ya Uganda ya kisiasa na kikatiba. Kinaanza 1894 na kuishia 1962. Mwandishi ambaye karibu miaka mitano ya maisha yake iliishia kizuizini aliamua kusimulia hadi siku ya bendera, basi. Alifariki mwaka 1995. Kiwanuka naye, mwenye ile bendera iliyotupwa, aliteuliwa na Amin kuwa Jaji Mkuu. Septemba 1972 alikamatwa akiwa Mahakama Kuu, hapa hapa Kampala, na hakuonekana tena.

Baada ya hapo marais walikuja na kuondoka, katiba zikaandikwa upya, na bendera haikuguswa. Amin hakuigusa, Obote aliporudi hakuigusa, na NRM iliyoingia madarakani 1986 nayo iliiacha. Timu ya taifa ya soka ilichukua jina la ndege na kufika nalo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978, ikafungwa na Ghana 2-0 mjini Accra. Kila sarafu, kila jezi na kila jengo la wizara lina korongo wake.

Ndege mwenyewe ana hali nyingine. Korongo mwenye taji hulala juu ya miti, jambo ambalo korongo wa jamii nyingine hawaliwezi, lakini huatamia mayai yake katikati ya majani ya kinamasi. Anahitaji vyote viwili, mti na maji, yaani kile kijani na ile bluu tulivyoviondoa kwenye kitambaa mwaka 1962. Misitu ilifunika karibu robo ya Uganda mwaka 1990. Kufikia 2015 ilikuwa imebaki kama asilimia 10. Vinamasi vya Kampala vimejazwa kifusi tukiviangalia. Nakivubo kumejaa viwanda na magimbi, na Lubigi imepitiwa na barabara ya mzunguko. Mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira, ilipopeleka mashine za kubomoa Lubigi, waliovunjiwa nyumba ni watu wa kawaida walionunua viwanja kwa hati za kienyeji. Maghala makubwa ya kando ya barabara yaliachwa yamesimama, na hapo ndipo wenye mamlaka wanapaswa kujibu.

Mwaka 2012, wakati Kololo inapambwa kwa jubilei ya miaka 50, shirika la uhifadhi la IUCN lilimwingiza korongo wetu kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Bajeti ya sherehe ilijadiliwa sana bungeni na magazetini. Ya ndege sikumbuki ikijadiliwa.