Johannesburg: Kubadilisha gasketi ya ekzosi nyumbani

Katika asubuhi za baridi za Johannesburg, hasa kati ya mwezi Juni na Agosti, magari mengi ya umri mkubwa hutoa mlio mwembamba wa kugongagonga chini ya boneti mara tu yanapowashwa. Mlio huo hufifia baada ya dakika chache, injini inapopata moto, na wenye magari wengi hudhani kwamba tatizo limekwisha lenyewe.

Halijakwisha. Chuma kimetanuka tu na kuziba ufa kwa muda. Mara nyingi mlio wa namna hiyo ni dalili kwamba gasketi ya ekzosi imeungua au imepasuka, na moshi unavuja kabla haujaingia katika bomba lililokusudiwa kuupeleka nyuma ya gari.

Miongoni mwa Waafrika Mashariki wanaoishi katika vitongoji kama Mayfair na Yeoville, kama ilivyo kwa wenyeji, gari ni chombo cha riziki, na bei ya gereji ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Kazi hii yaweza kufanywa nyumbani na mtu mwenye subira na vifaa vya kawaida. Lakini ina hatari zake, na si kila gari linafaa.

Gasketi hii ni kitu gani?

Moshi wa kila silinda hutoka kupitia tundu lake kwenye silinda hedi na kuingia katika manifodi, yaani kipande cha chuma chenye matawi kinachoukusanya moshi huo na kuuelekeza kwenye bomba moja. Baina ya vyuma hivyo viwili huwekwa gasketi, kipande chembamba cha bati la tabaka kadhaa au cha madini ya grafaiti yaliyoshikizwa kwa chuma, ili pasipite hewa.

Moshi unaopita hapo waweza kufikia nyuzijoto 800 za Selsiasi gari likienda kwa nguvu. Aidha, silinda hedi nyingi za siku hizi ni za aluminiamu, ilhali manifodi nyingi ni za chuma cha kusubu, na aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma hicho. Kila safari, vyuma hivyo husuguana juu ya gasketi vikipata moto na kupoa. Ajabu si kwamba gasketi huharibika, bali kwamba hudumu miaka mingi kiasi hicho.

Hatari isiyoonekana

Kelele ndiyo inayowaudhi watu, lakini si jambo kubwa zaidi. Moshi wa injini ya petroli una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi, na huenda asiamke.

Katika magari mengi manifodi iko karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria, na tundu la kuvuta hewa ya ndani liko chini ya kioo cha mbele. Dereva wa Johannesburg huendesha vioo vikiwa vimefungwa wakati wa baridi, hita ikiwaka, na huvifunga pia kwa hofu ya wezi wanaovunja vioo kwenye maroboti, kama taa za barabarani zinavyoitwa nchini humo. Kwa hali hiyo, gari linalovuja moshi mbele si gari la kuahirishwa hadi mwisho wa mwezi. Wala halifai kuachwa likiunguruma ndani ya banda lililofungwa ili lipate moto, desturi iliyoenea mno.

Jiji lenyewe liko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani. Ndiyo sababu huko petroli ya kawaida imekuwa ya oktani 93, wakati Durban na Cape Town ni ya 95. Injini hizo hutegemea sensa ya oksijeni iliyo kwenye bomba la moshi kupima mchanganyiko wa hewa na mafuta. Palipo na ufa kabla ya sensa, hewa ya nje hufyonzwa ndani baina ya mapigo ya moshi, sensa hudanganyika kwamba mafuta ni machache, na kompyuta huongeza mafuta yasiyohitajika. Taa ya injini huwaka, na matumizi ya mafuta hupanda.

Kuhakikisha kabla ya kununua

Si kila mlio ni gasketi. Manifodi yenyewe yaweza kuwa na ufa, na vali zilizolegea hutoa sauti inayofanana. Alama ya kuaminika ni masizi meusi kwenye maungio. Njia nyingine ni kupaka maji ya sabuni kwenye maungio injini ikiwa baridi kabisa, kuiwasha, na kutazama povu katika sekunde za mwanzo, mikono ikiwa mbali na feni na mikanda.

Magari yenye injini ya umbo la V, au yenye tabo, ni heri yapelekwe kwa fundi. Hata gari la zamani haliwi rahisi kwa kuwa ni la zamani. Citi Golf, lililotengenezwa Uitenhage kuanzia 1984 hadi 2009 na ambalo bado limejaa barabarani, lina manifodi ya hewa na ya moshi upande mmoja wa injini, nyuma, karibu na ukuta wa abiria. Huwezi kuifikia moja pasipo kuisumbua nyingine, kwa hiyo gasketi za hewa nazo hununuliwa siku hiyo hiyo.

Kazi yenyewe

Kazi huanza usiku wa kuamkia siku yenyewe, kwa kunyunyizia nati zote mafuta ya kulainisha kutu. Johannesburg ina hewa kavu, hivyo nati hazili kutu kama za gari lililokaa Mombasa au Dar es Salaam kwenye chumvi ya bahari. Hata hivyo joto nalo hugandisha chuma.

Injini sharti iwe imepoa kabisa. Waya hasi wa betri hufunguliwa. Ikiwa itabidi kuingia chini ya gari kufungua bomba, jeki peke yake haitoshi kamwe. Gari liwekwe juu ya stendi za chuma, mahali pa sakafu ngumu. Matofali hupasuka bila kutoa onyo.

Bati la kukinga joto hutolewa kwanza, kisha sensa ya oksijeni au waya wake, halafu bomba la chini. Nati za manifodi hulegezwa kidogo kidogo, zikianzia ncha mbili na kumalizia katikati, ili chuma kisipinde. Nati isiyokubali isilazimishwe. Huzungushwa mbele na nyuma, na kuongezewa mafuta.

Hapa ndipo wengi hukwama. Boliti zisizo na kichwa, zilizopandikizwa kwenye silinda hedi, hukatika. Ikibaki sehemu ya kushikika, nati mbili hukazwa pamoja juu yake na boliti huzungushwa kwa nati ya ndani. Ikikatikia ndani ya aluminiamu, mtu asiye na uzoefu aache hapo na kumwita fundi. Kuitoboa kwa mkono usiotulia huharibu silinda hedi, na gharama yake haifanani hata kidogo na ya gasketi.

Mabaki ya gasketi hukwanguliwa kwa kifaa kisichochimba aluminiamu, matundu yakiwa yamezibwa kwa kitambaa. Rula ya chuma huwekwa juu ya uso wa manifodi na nafasi hupimwa kwa fila geji. Ikiwa imepinda kupita kiwango cha mtengenezaji, ipelekwe kuchongwa, la sivyo gasketi mpya haitadumu.

Gasketi huwekwa kavu. Gundi ya silikoni, ambayo baadhi ya watu huipaka kwa wingi wakidhani wanasaidia, huungua kwa joto la mahali hapo na mvuke wake waweza kuiharibu sensa. Nati mpya hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili au tatu, kwa spana yenye kipimo cha nguvu. Kwa boliti za milimita 8 kipimo mara nyingi ni kati ya Newton mita 20 na 30, lakini kitabu cha gari husika ndicho chenye neno la mwisho.

Vumbi la zamani

Onyo moja linawahusu wenye magari ya miaka ya nyuma. Gasketi nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, madini ambayo Afrika Kusini yenyewe ilikuwa miongoni mwa wachimbaji wakuu duniani, hasa katika maeneo ya Prieska na Kuruman. Vumbi lake husababisha saratani ya utando wa mapafu, na wachimbaji wengi pamoja na familia zao wamekufa kwa ugonjwa huo. Nchi hiyo ilipiga marufuku asbesto mwaka 2008. Gasketi yenye nyuzi za kijivu isiyojulikana asili yake iloweshwe maji kabla ya kukwanguliwa, na isisuguliwe kwa brashi ya mashine.

Masega, na haki ya mwenye gari

Baadhi ya mafundi wa mitaani, wanapoletewa gari lenye kelele, hupendekeza kuondoa kisafishaji moshi, kile ambacho wengi Tanzania hukiita masega. Pendekezo hilo si la bure. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yanayochimbwa Rustenburg na kandokando yake, na mwezi Machi 2021 wakia moja ya rodiamu ilivuka dola 29,000 za Marekani. Gasketi iliyoungua haihusiani na masega hata kidogo, na mteja anayekubali huondoka na gari linalochafua hewa zaidi kuliko alivyolileta.

Kwa magari ambayo bado yana udhamini, mwongozo wa Tume ya Ushindani ya Afrika Kusini ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021 unawaruhusu wenye magari kuyapeleka kwa mafundi huru bila kupoteza udhamini wote. Hata hivyo, kifaa kilichoharibiwa na fundi huyo chaweza kuondolewa katika udhamini. Kwa hiyo risiti ya gasketi na ya nati zake haifai kutupwa.