Maji ya Ahero na bili ya stima

Wanafunzi wangu wa kilimo nikiwapeleka Ahero, tunaanzia kwenye nyumba ya pampu, sio kwenye mpunga. Mto Nyando unapita karibu, lakini mashamba yako juu ya usawa wa maji yake. Stima ikikatika, mferejini hapapandi kitu.

Mambo haya yalipangwa miaka ya 1960. Mwaka 1966 serikali ya Kenya iliunda Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji, na Ahero ukawa mradi wake wa majaribio katika nyanda za Kano. Miaka ya 1970 ukafuata wa Kano Magharibi, wenye mzigo maradufu: pampu huvuta maji kutoka Ziwa Victoria, na kwa vile ardhi ni tambarare mno, hulazimu yanayotoka mashambani yapigwe pampu tena ili yarudi ziwani. Mkulima wa Ahero alipewa ekari 4, naye alikuwa mpangaji tu. Bodi ndiyo iliyolima kwa trekta, ikapanga siku ya kufungulia maji, ikachukua mpunga na kukata gharama zake. Mkulima alibaki na kazi za kupanda, kupalilia, kufukuza ndege aina ya kwelea na kuvuna.

Hilo ndilo kosa ninalolilaumu zaidi katika historia ya Ahero, kuliko hata mafuriko. Watu walilima mpunga miaka thelathini bila kufundishwa maji yao yanapimwaje na yanagharimu nini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kazi ilikwama, pampu zikanyamaza, na mashamba yakakaa misimu kadhaa bila mpunga huku Nyando ukiendelea kufurika wakati wa mvua. Upande wa Awach Kano, wakulima wa nje ya mradi walikuwa na mifereji inayoteremsha maji yenyewe. Hawakuwa na bili ya stima ya kuwafungia maji.

Ahero ulifufuliwa baadaye, na sheria ya 2019 ikaigeuza bodi kuwa mamlaka. Siku hizi jumuiya za wakulima zina sauti katika ugavi wa maji, kwa hiyo hesabu iliyokuwa ya meneja wa mradi imekuwa yao.

Hesabu yenyewe tunaifanya tukiwa tumesimama kwenye tuta. Maji ya kina cha sentimita 10 juu ya ekari moja ni kama lita 400,000. Kwa ekari 4 ni lita milioni 1.6, na hapo hujagusa udongo. Udongo mweusi wa Kano ukikauka hupasuka hadi mkono unazama ndani, na maji ya kwanza yote huishia kwenye nyufa hizo. Asiyevuruga tope vizuri ili kuziba nyufa analipia maji yanayokwenda chini.

Kisha tunazamisha jarubani kipande cha bomba la plastiki lenye matundu ubavuni. Ukichungulia ndani unaona maji yameshuka wapi. Yakifika sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo unafungulia tena, isipokuwa mpunga ukiwa unachanua, maana hapo hautaki kiu. Kila mara unapongoja, pampu inapumzika.

Walimu wenzangu wa vyuo vya kanda hii, fundisheni somo hili shambani, mkulima akiwa pamoja na wanafunzi. Bili ikija, mlipaji ni yeye.