Kituo cha Tunguu na Faili Zilizochelewa

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii huijia akili yangu kila nisomapo habari za kituo cha Tunguu, kisiwani Unguja, ambacho Wamarekani walikijenga ili wazungumze na watu wao waliokuwa angani. Vijana wengi wa leo hawajui kwamba kisiwa chetu kilikuwa na sehemu katika safari za kwanza za binadamu kuizunguka dunia.

Makubaliano ya kujenga kituo hicho yalifanywa Oktoba 1960, baina ya Uingereza na Marekani. Zanzibar ilikuwa bado chini ya himaya ya Waingereza, na mwananchi wa kawaida hakuulizwa. Mradi wenyewe uliitwa Mercury. Chombo kilichorushwa kutoka Florida kilivuka Atlantiki, kikapita juu ya Afrika na kuingia Bahari ya Hindi. Redio za siku zile zilisikia chombo kwa dakika chache tu kabla hakijazama upeoni, na kwa hiyo ilibidi vituo vipangwe kuizunguka dunia, kimoja kikipokezana na kingine. Kano, kule Nigeria, palikuwa na kituo. Kilichofuata kilikuwa Tunguu.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn aliizunguka dunia mara 3 kwa muda usiozidi saa 5. Alipopita juu yetu, Tunguu walizungumza naye na kupokea habari za afya yake. Mazungumzo hayo hayakuwa siri hata kidogo. Wamarekani waliyachapisha mwaka huohuo.

Hata hivyo, huku kwetu watu walisema ni kituo cha makombora. Chama cha ZNP, ambacho katibu mkuu wake wakati huo alikuwa Abdulrahman Babu, kilikipinga kwa nguvu. Wamarekani walijibu kwamba Tunguu hapakuwa na kombora hata moja, bali antena na mitambo ya kupokea ishara. Katika hilo walisema kweli. Lakini tusiharakishe kuwacheka waliotia shaka. Roketi iliyompeleka Glenn iliitwa Atlas, na Atlas ilibuniwa kwanza kuwa kombora la kubeba bomu la nyuklia. Glenn mwenyewe alikuwa rubani wa jeshi. Mtu aliyesema kwamba sayansi ile na vita ni ndugu hakuwa mjinga. Alikosea nyumba, lakini ukoo aliujua.

Mapinduzi yalipotokea tarehe 12 Januari 1964, Wamarekani waliokuwa kisiwani waliondolewa kwa manowari. Aprili ya mwaka huo Serikali ya Mzee Karume ilitaka kituo kiondoke, nacho kikaondoka. Kazi yake ilichukuliwa na kituo cha Tananarive, Madagaska, ambacho nacho kilifungwa na serikali ya huko mwaka 1975.

Ukweli wa upande wa pili ulichelewa kutufikia. Mwaka 1989 Amrit Wilson alitoa kitabu kuhusu siasa ya Marekani na kuzaliwa kwa Tanzania, akitumia nyaraka za serikali ya Marekani zilizokuwa zimeondolewa usiri. Baadaye wizara yao ya mambo ya nje ikachapisha nyingine. Anayetafuta makombora ya Tunguu katika karatasi hizo hatayapata. Atakayoyakuta ni maofisa wenye hofu kwamba Zanzibar ingegeuka Kuba ya Afrika, wakishauriana na Waingereza namna ya kuizuia. Basi mitambo, ambayo watu waliiogopa, ilikuwa wazi. Siasa, ambayo iligusa maisha yao, ndiyo iliyofungiwa kabatini kwa miaka mingi. Wengi waliohusika walifariki kabla ya kuisoma.

Hapo ndipo ninapoiona hasara ya siri. Serikali yoyote ina mambo ambayo haiwezi kuyatangaza leo. Lakini mwananchi asipoelezwa atajieleza mwenyewe, na maelezo yake yatarithiwa na wajukuu. Sisi wa Shinyanga na Geita hatuhitaji kwenda Unguja kulifahamu jambo hili. Mkataba wa mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, ulitiwa saini London mwaka 2007, na Bunge likawaka moto. Watu hawakuwa wameuona mkataba. Walichokiona ni uzio. Mwaka 2015 Bunge lilipitisha sheria ya uwazi katika madini, mafuta na gesi. Ni hatua njema, ila karatasi iliyo wazi kwa Kiingereza cha wanasheria bado imefungwa kwa mchimbaji wa Nyarugusu.

Nasi tunayo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002, inayoweka miaka 30 kuwa muda wa kawaida wa kufungua nyaraka za serikali. Faili za mwaka 1964 zimeupita muda huo mara mbili. Nimewafundisha walimu historia kwa miaka mingi, na lililonisumbua ni kwamba habari zetu tulizisoma kwa macho ya maofisa wa Washington na London, kwa kuwa wao walifungua makabati yao. Mwalimu kijana aende Nyaraka za Taifa akaulize za kwetu. Akiambiwa hazipo, na aulize zilikwenda wapi.