Waandishi wa Habari Wapendao Jinsia Yao na Chama Chao Katika Marekani

Mpaka mwaka wa 1987 gazeti la New York Times lilikuwa halimruhusu mwandishi wake kutumia neno "gay", ila katika maneno ya kunukuu au katika jina la chama. Ilimpasa aandike "homosexual", neno la madaktari, ambalo wengi wa wahusika walilichukia kwa kuwa liliwataja kana kwamba ni wagonjwa. Asiyejali lugha ataliona jambo hili kuwa dogo. Lakini miongoni mwa watumishi wa magazeti walikuwamo watu wa namna hiyo, nao walijificha kwa kuchelea kazi zao.

Maradhi ya UKIMWI, yaliyoanza kutangazwa mwaka wa 1981, yalikifanya kimya hicho kuwa cha hatari. Randy Shilts, aliyeajiriwa mwaka huo huo na San Francisco Chronicle pasipo kuficha hali yake, aliyafuatia maradhi hayo wakati magazeti mengi yakiyapa nafasi ndogo. Wako walioshikilia kwamba mtu kama yeye hawezi kuandika habari za wenzake bila upendeleo. Hoja dhaifu, kwani hakuna aliyemkataza mwenye mke asiandike habari za ndoa.

Mwaka 1989 chama cha wahariri wa magazeti ya Marekani kilimtaka Leroy Aarons, mhariri katika Oakland Tribune, awaulize waandishi hao hali zao. Mwezi wa Aprili 1990 aliwasomea wahariri wenzake majibu, na papo hapo akatamka kwamba yeye naye ni mmoja wao. Mwaka huo huo aliwakusanya waandishi wachache nyumbani kwake California, wakaunda chama. Mfano ulikuwapo: waandishi weusi walikuwa na chama chao tangu 1975.

Kazi yake iliyo bora ni ya msamiati. Februari 2013 shirika la Associated Press liliagiza kwamba watu wa jinsia moja waliofunga ndoa kwa kawaida waitwe "wenzi". Chama kilipinga, na kabla ya mwezi kwisha shirika likakubali "mume" na "mke" kwa kila ndoa inayotambuliwa na sheria. Katika Kiswahili fundo hili limo katika kitenzi kuliko katika jina: mume huoa, mke huolewa, na mwenye kutafsiri habari kama hiyo hana budi kukimbilia "kuoana" au "kufunga ndoa".