Chakula cha Lubunga

Kabla shirika lolote la misaada halijafika Fizi, mashariki mwa Kongo, sisi Wabembe tulilisha wageni katika lubunga, nyumba ya wanaume. Kila mama alipeleka bugali wa muhogo, sombe (majani ya muhogo) na ndagala (dagaa). Mpita njia alinawa, akala na wenyeji. Nalihesabu hilo jiko letu la kwanza la jamii, na wapishi wake, mama zetu, hawaandikwi popote. Vita vya 1996 viliwatawanya. Wengi walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakapimiwa unga kambini Nyarugusu, Tanzania. Mwaka 2005 meli zikaanza kuwarudisha mjini Baraka, Fizi. Miaka kumi baadaye Warundi wakakimbia machafuko ya kwao, wakaja kwetu. Kambi ya Lusenda ilifunguliwa hapo Fizi, lakini wengi walipokelewa majumbani, na watu waliokuwa wakimbizi juzi wakawamegea muhogo wa shamba lao.