LM317: chipu ya 1976 ambayo bado inaendesha maabara zetu za nyumbani

Leo tuweke programu kando tuzungumzie kifaa ambacho kila anayechezea saketi anakihitaji: pawa saplai ya kurekebisha volti. Fungua moja iliyoundwa nyumbani, na mara nyingi utakuta chipu ya miguu mitatu iitwayo LM317. Imetoka wapi?

Kabla yake kulikuwa na LM109 ya Bob Widlar, aliyeiunda akiwa National Semiconductor kule Marekani na kuieleza katika jarida la IEEE mwaka 1971. Ilitoa volti 5 na ilijilinda yenyewe: mkondo ukizidi inaubana, joto likizidi inajizima. Ungeweza kuipandisha kwa rezista, lakini mguu wake wa ardhini ulipitisha mkondo wa miliampia kadhaa usiotulia, na volti ikayumba.

Mwaka 1976 Bob Dobkin, wa kampuni hiyo hiyo, akaondoa mguu wa ardhini kabisa. Mahali pake akaweka mguu wa kurekebisha, unaopitisha takriban mikroampia 50 tu. Kazi ya chipu ikawa moja: kushikilia volti 1.25 kati ya mguu huo na mguu wa kutolea. Rezista mbili ndizo zinazoamua mengine. Weka ohm 240 na rezista ya kuzungusha ya ohm 5,000, unapata kuanzia volti 1.25 hadi 27 hivi, mradi umeme unaoingia unatosha. Kwa lugha yetu, namba iliyogandishwa ndani ya kodi iligeuzwa kuwa kigezo.

Lakini angalia joto. Ukiingiza volti 19 za chaja ya laptop na kutoa 5 kwa ampia 1, wati 14 zinageuka moto mtupu. Bila kipande kizuri cha alumini, chipu itajizima.

Pia, ulinzi wake wa ndani unaiokoa chipu, si mradi wako. Ampia 1.5 inazoruhusu zinatosha kuchoma LED mara moja. Ndiyo maana mimi hupenda kutanguliza LM317 ya pili kama kizuizi cha mkondo: rezista ya ohm 12 inaubana kwenye miliampia 104 hivi. Shilingi chache hizo zitakuokolea vifaa vingi.